Sanduku Lililoteremshwa Mtini

Ko. Ko.

Mara mbili, si zaidi. Kifundo cha kidole cha kati juu ya ubao mkavu, halafu kimya cha mtu anayesikiliza. Spéciose aliisikia sauti hiyo kila asubuhi kwa miaka mitatu, akiwa bado kitandani, kupitia kidirisha cha besimenti kilichokuwa usawa wa majani ya uwanja wa nyuma. Hakuhitaji kuchungulia. Alijua mumewe, Landry, amesimama chini ya mti wa maple na begi la kazi begani, amegonga sanduku lake na kutega sikio. Kisha viatu vyake vya kazi, vile vizito vyenye chuma mbele, vilipita mbele ya kidirisha, na neno lilikuwa lile lile.

"Bado," alijiambia, akaenda kupanda basi la Malton.

Kwao Landry, kwenye milima iliyo juu ya Uvira, mtu hafungui mzinga ili ajue kama una nyuki. Mzinga hugongwa. Ule uliojaa hujibu kwa mkato, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Mtupu hulia kama ngoma. Baba yake aligonga hivyo, na babu yake pia. Na mzinga hupandishwa juu, hupakwa nta ndani, hufukizwa kwa majani yenye harufu nzuri, kisha watu hushuka na kusubiri. Landry aliyatimiza yote. Aliokota mbao za paleti zilizovunjika katika ghala alikofanya kazi, akazilainisha kwa msasa, akaunda sanduku lenye tundu la kuingiza kidole gumba. Akalipaka nta, akalifukiza kwa mchaichai, akalifunga juu ya tawi. Nyuki aliokuwa akiwaona katika uwanja ule walikuwa wanene, weusi kwa njano, wenye manyoya, wakitambaa juu ya maua ya maboga kama wazee waliovaa makoti katikati ya kiangazi. Alisema hao ndio wenyeji wa nchi hii, na sisi wageni tumewakuta, kwa hiyo ni adabu kuwapa mahali pa kulala.

Wenyeji hawakuja.

"Nyuki hawakai penye ugomvi," alisema msimu wa pili, macho yake yakiwa darini.

Juu ya dari ile aliishi Médiatrice, dada yake mkubwa, mwenye nyumba.

Ugomvi ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Spéciose alizaliwa Uvira mjini, mtoto wa fundi cherehani, na alikutana na Landry kambini Tanzania, wote wawili wakiwa wamekimbia na nguo walizovaa. Médiatrice alikuwa ametangulia Kanada. Ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege, mwezi wa pili, akiwa na makoti mawili mkononi. Koti alilompa mdogo wake lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya dukani shingoni. La Spéciose lilikuwa limechanika mfuko. Spéciose aliuona mfuko ule kabla hajaiona theluji, na miaka kumi baadaye, alipokuwa akisimulia alivyofika Toronto, alianza na mfuko.

Waliishi hivyo: dada juu, mke na mume chini, mlango mmoja katikati. Médiatrice alifanya kazi katika jiko linalopakia vyakula vya abiria wa ndege. Alishika sinia kwa maelfu na akajizoesha kuona dosari kwa jicho la pembeni. Spéciose aliwaogesha wakongwe katika nyumba ya wazee, zamu ya jioni. Akipika ndagala, dagaa wa kwao, harufu ilipanda kwenye matundu ya joto, na Médiatrice alikanyaga sakafu. Médiatrice akifungulia redio ya maombi alfajiri, Spéciose aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Hawakuitana wifi. Mmoja alisema "mke wa Landry", mwingine alisema "mwenye nyumba", na Landry alipita katikati yao kama mtu abebaye sahani ya mayai.

Hawakujaliwa mtoto. Hilo nalo lilikuwa na mahali pake katika ugomvi. "Mti huo wa maple tu ndio unaopewa sanduku," Médiatrice alisema siku moja akianika nguo, si kwa mtu yeyote, "maana ndani ya nyumba hakuna cha kutunza." Spéciose alikuwa amesimama pale na kapu lake. Aliziacha nguo zake mbichi kapuni zikanuka, ili asianike kamba moja naye.

Halafu Landry akafa.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, asubuhi ya baridi ile inayokata pua. Tangu usiku alikuwa akisema kifua kinambana. Spéciose alimchemshia tangawizi, akampaka dawa ya kuchua, akamwambia abaki. Landry akasema ghala halijui kifua cha mtu. Akavaa viatu, akatoka. Hakufika saa ya chakula; alianguka kati ya marundo ya paleti, na waliomwinua walisema alikuwa bado ameshika glovu moja mkononi.

Katika matanga, ghorofani, mbele ya kina mama wote wa kanisa waliokaa sakafuni na vikombe vyao, Médiatrice alimwangalia mjane na kusema, "Ulimwona anaumwa, ukamchemshia chai."

Hakuongeza. Haikuhitaji nyongeza. Tangu siku hiyo salamu zilikufa katika nyumba ile, na Spéciose akawa anasubiri nyayo za juu zitulie ndipo atoke.

Theluji ilipoyeyuka, na uwanja ukabaki tope na majani meusi ya mwaka jana, mlango wa kati ulifunguliwa.

"Mke wa Landry."

"Nipo."

"Mwezi wa saba Gervais anakuja kumwaga zege huko nyuma. Uwanja wote, ua mpaka ua. Nimepata mpangaji wa chumba cha mbele, ana gari."

"Sawa."

"Lile sanduku utaliondoa, au nitalitia kwenye takataka."

"Ni la mume wangu."

"Ni mti wangu."

Mlango ukafungwa. Spéciose alibaki amesimama na kijiko mkononi. Hakuwa mtu wa nyuki. Ukweli ni kwamba aliwaogopa. Utotoni aliumwa kwenye kope, akatembea kipofu jicho moja mpaka shule ikamcheka. Lakini pale alipokuwa amesimama alijua anachokitaka, na kilikuwa kimoja tu: nyuki waingie katika sanduku lile, hata msimu mmoja, kabla ya zege. Landry asiwe mtu aliyebisha hodi miaka mitatu kwenye nyumba tupu, kisha nyumba yenyewe ikatupwa.

Kwa hiyo siku aliyopata mapumziko alipanda ngazi ya mbao na kopo la nta.

"Wewe mwanamke, wafanya nini juu ya mti kama kima?"

Aliyeuliza alikuwa Bibi Shazia wa nyumba ya pili, Mhindi mzaliwa wa Tanga, aliyekuja Toronto akiwa msichana na Kiswahili chake akakileta pamoja na vinu na mbuzi ya kukunia nazi. Alikuwa ameegemea uzio na mkasi wa bustani, miwani kwenye paji la uso.

"Napaka nta, bibi. Nyuki waje."

"Nyuki gani?"

"Hao wanene. Wenye manyoya."

Bibi Shazia alicheka mpaka miwani ikateremka yenyewe mahali pake. "Hao wafate nini huko juu? Hao wakaa chini, mwanangu, kwenye mashimo ya panya. Mwaka jana walikuwa chini ya ngazi zangu, mume wangu Mohamedtaki akawa azunguka mlango wa mbele kila akienda kutupa taka, mwanamume mzima. Nta yako hawaitaki. Wataka kitanda cha panya."

"Cha panya?"

"Panya akihama aacha nyasi zake na vinyoya. Malkia aja aingia humo, peke yake. Hao hawaji kwa kundi kama nyuki wenu wa asali. Yule alala ardhini majira yote ya baridi, aamka hana mtu, atafuta nyumba mwenyewe. Kama mjane."  Aliona alichokisema, na hakuomba radhi. "Ndivyo ilivyo. Nikudanganye?"

Spéciose aliteremka. Kilichomuuma hakikuwa neno la mjane. Kilichomuuma ni kuambiwa na mtu mwenye mkasi kwamba Landry alikosea. Kwamba miaka mitatu yote, wenyeji wake walipita chini ya miguu yake wakati yeye ameinua uso. Siku kadhaa alipita karibu na uzio akitazama upande mwingine. Lakini jioni moja, kabla ya kwenda kazini, alikata kamba. Sanduku lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Alilikwangua nta yote kwa kisu cha mezani, akaliweka chini ya uzio juu ya matofali, tundu likitazama jua la asubuhi, na juu akaweka kipande cha vigae ili mvua isilowanishe.

Bibi Shazia, ambaye hakununa kwa sababu hakujua amenuniwa, alimpitishia mfuko wa plastiki juu ya uzio. Ndani yake mlikuwa na kiota kizima cha panya, kikavu, laini, kama nywele za mtoto zilizokusanywa kwa kinyozi. "Ningewachukua huku kwangu," alisema, "lakini Mohamedtaki akiona nyuki tena ndani ya ua wake atahamia kwa dada yake Markham, kisha nitaambiwa nikamrudishe."

Spéciose hakuwa amepiga hatua nyingi na mfuko ule, mlango wa jikoni ukafunguka.

"Kuna nini humo?" aliuliza Médiatrice.

"Kiota."

"Cha nini?"

"Cha panya. Mwenyewe hayumo."

Médiatrice alishuka ngazi moja, akasimama. "Umeniletea panya nyumbani kwangu."

"Nimeleta nyasi zake."

"Watu wanalipia panya wafukuzwe. Wewe unakwenda kuwaomba kwa majirani. Mungu wangu, ndugu yangu alioa kitu gani?"

"Muulize," alisema Spéciose.

Lilikuwa neno baya, na wote wawili walisikia lilivyokuwa baya. Ndege ilipita juu ikishuka kuelekea uwanja wa ndege, chini sana kama ilivyo kawaida ya mtaa ule, na mngurumo wake ukawapa wote muda wa kutazama pembeni. Ilipokwisha kupita, Médiatrice alikuwa amerudi ndani. Mwaka huo hakupanda maboga, wala lengalenga, wala kitunguu. Uwanja ulibaki udongo mtupu, kama meza iliyoondolewa sahani mgeni akiwa bado ameketi.

Malkia alikuja katikati ya mwezi wa tano. Spéciose alikuwa akikung'uta mkeka alipomwona: mkubwa, mweusi, na manyoya ya njano mgongoni, akiruka chini kabisa kwa kuyumbayumba, akiingia chini ya kila jani na kutoka, mithili ya mtu aliyeangusha hereni. Alipita kwenye matofali. Akarudi. Akatua kwenye tundu, akasimama hapo akijifuta uso kwa miguu ya mbele. Kisha akaingia. Spéciose alishika mkeka mpaka mikono ikafa ganzi, na malkia hakutoka.

Asubuhi iliyofuata alifanya kile alichojua. Aliinama, akakunja kidole cha kati.

Ko. Ko.

Ndani ya sanduku kitu kilinguruma, kidogo, kama simu iliyowekwa chini ya mto. Spéciose alisimama wima akaangalia huku na huku, uso wote ukiwa moto, akitafuta wa kumwambia. Hapakuwa na mtu. Aliuambia mti wa maple.

Akagonga kesho yake, na kesho kutwa, na kila asubuhi iliyofuata, maana ndivyo inavyofanywa. Kila asubuhi alijibiwa. Hakuna aliyemwona akitabasamu, na hiyo ilikuwa heri.

Kisha ikaja asubuhi aliyogonga na sanduku likalia kama ngoma.

Alisubiri mpaka jua likapanda. Aliinua kifuniko. Katikati ya nyasi za panya mlikuwa na kidonge cha nta na chavua, mfano wa punje ya hindi, na pembeni yake kichungu kidogo cha asali kisichozidi kastabini ya mama yake. Mwenye nyumba hakuwemo. Aliendelea kusubiri hadi saa ya kazi, na usiku aliporudi alimulika kwa simu. Kichungu kilikuwa vile vile.

Hapo ndipo alipoisikia harufu. Javeli, ile dawa kali ya kung'arishia. Ngazi za nyuma zilikuwa zimesuguliwa, nyeupe, na maji yake yalikuwa yameacha mkondo juu ya udongo hadi karibu na matofali. Spéciose aliufuata mkondo ule kwa macho kutoka mwisho wake hadi mwanzo wake, na mwanzo wake ulikuwa mlango wa jikoni wa Médiatrice.

Hakusema kitu hadi Jumapili. Baada ya ibada kina mama walikuwa ukumbini wakipakua wali na maharage, Médiatrice akiwa ameshika upawa, maana upawa ulikuwa wake miaka yote. Spéciose alifika kwenye meza na sahani tupu.

"Mwenye nyumba, waambie kina mama ulichowafanyia nyuki wa marehemu ndugu yako."

"Nimewafanyia nini?"

"Umewamwagia javeli."

Upawa ulisimama hewani. "Nimeosha ngazi zangu."

"Umeua."

Kina mama walitazama chakula. Médiatrice alipakua, akasawazisha wali kwenye sahani ya mtu aliyefuata, akaweka maharage pembeni vizuri kama anayepanga sinia ya ndege.

"Mimi nikitaka kuua, mke wa Landry," alisema, "sianzi na nyuki."

Mmoja akacheka. Wengine wakamfuata, kisha wote wakaacha kwa pamoja, kwa kuwa uso wa Médiatrice haukuwa wa utani. Aliweka upawa mezani, akachukua mkoba, akatoka. Aliacha sufuria yake kubwa pale ukumbini, na Jumapili zilizofuata hakuja kuichukua.

Spéciose alirudi nyumbani na ushindi wake. Ushindi ule ulikuwa mtamu hadi kwenye uzio, ambako Bibi Shazia alikuwa akifunga michongoma ya raspiberi.

"Kwa hiyo malkia wako kaondoka?" aliuliza Bibi Shazia. "Mara nyingine huondoka wenyewe. Ulimsumbua?"

"Nimsumbue vipi? Nilikuwa namgongea tu."

"Wamgongea?"

"Kila asubuhi. Kwetu ndivyo tunavyojua kama wamo."

Bibi Shazia aliacha kamba. "Huo wa kwenu ni mzinga wa nyuki elfu, mwanangu, wakigongwa wacheka. Huyu ni mama mmoja amelalia mayai. Mtu akinigongea mlango kila alfajiri, haingii wala hasemi shida yake, hata mie nahama."

Spéciose alitazama kidole chake cha kati. Palikuwa na ugumu kidogo juu ya kifundo; hakuwa ameuona kabla. Mlango wa kati ulikuwepo, na ngazi zake, na juu ya ngazi palikuwa na mtu aliyedhalilishwa mbele ya kanisa zima kwa kosa lisilo lake. Maji yakimwagika hayazoleki, wasemao husema. Naye hakujaribu kuyazoa. Alijiambia kwamba wa juu alimtwisha kifo cha mtu, yeye amemtwisha kifo cha mdudu, na mizani bado haijalingana.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita, siku za mwisho kabisa ambapo malkia hutafuta makazi, wa pili akaja. Huyu alikuwa mdogo kidogo, na alichelewa, na hakuchagua sana. Safari hii Spéciose alipita karibu na sanduku kila asubuhi akiwa ametia mkono mfukoni, ngumi imekunjwa ndani, kama mtu aliyeacha sigara. Hakuinama. Hakuinua kifuniko. Hakujua kama yumo, na kutojua huko kulikuwa kazi ngumu kuliko kuogesha wazee.

Majuma yalipita. Asubuhi moja kitu kidogo kama punje ya harage kilitoka tunduni, kikayumba, kikajipanga hewani, kikavuka uzio kwenda kwenye raspiberi za Bibi Shazia. Kikafuata kingine. Mabinti. Walirudi wakiwa wamefunga chavua miguuni kama vifurushi vya sokoni. Médiatrice aliwaona pia. Spéciose alijua, kwa sababu pazia la jikoni, lililokuwa likifunguliwa kila alfajiri, lilianza kubaki limefungwa.

Gervais alifika mwezi wa saba kama ilivyosemwa, na mashine ya kuchanganyia zege nyuma ya gari lake. Alikuwa mtu mkubwa, mwimba besi wa kwaya, na aliiwasha mashine kwanza ili ipate joto. Kisha akauona msafara wa nyuki.

"Mama Spéciose, hawa wanauma?"

"Wanauma."

"Sana?"

"Jaribu."

"Bon," alisema Gervais akirudi nyuma. "Mie nitaanza kufunga mbao upande ule."

Spéciose alitoa kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya sanduku, akaketi na mgongo wake kwa nyuki ambao bado aliwaogopa. Walimpita sikioni wakienda na kurudi. Mlango wa jikoni ukafunguka. Médiatrice alishuka akiwa na sepetu.

"Toka hapo."

"Sitoki."

"Kiti hicho pia ni changu."

"Kichukue. Nitakaa chini."

"Wahamishe."

"Wakihamishwa sasa, walio nje watarudi wasikute nyumba. Subiri baridi. Mwezi wa kumi hawa wote watakuwa wamekufa, wakongwe na wachanga, watabaki malkia wapya tu, nao watakwenda kujizika huko kwenye udongo wa Bibi Shazia. Hapo mwaga zege lako mpaka juu ya kitanda changu. Mpangaji atafute pa kuweka gari miezi mitatu."

"Hakuna mpangaji," alisema Médiatrice.

Mashine ilikuwa ikizunguka tupu. Gervais alijifanya anapima ubao.

"Hakuna mpangaji," alirudia, kwa hasira ile ile, kama anayemkemea mtu sokoni. "Unadhani wewe peke yako una masikio? Dirisha la jiko langu linatazama mti huo. Kila asubuhi naweka birika, nasikia ko, ko. Nasema haya, mtoto wa mama ameamka. Namimina chai. Miaka mitatu sijamimina chai kabla ya kumsikia." Alilichoma sepetu ardhini. "Siku ile hakugonga. Nilisimama na birika mkononi, nikamwona anapita, mkono uko hapa, kifuani. Nikasema, labda ni baridi. Nikamimina. Kisha nikakaa kikao kizima cha matanga nikikusema wewe na chai yako. Ndiyo sababu nataka zege. Uwanja wote. Mti nitaukata. Nimechoka kuutazama."

 Asubuhi ile Spéciose naye alikuwa amelala macho, akisubiri sauti mbili zisizokuja. Alisikia viatu vikipita taratibu mbele ya kidirisha, akageukia ukutani na kuvuta blanketi. Hilo hakuwa amemwambia mtu, na hakumwambia Médiatrice. Angeweza pia kusema juu ya javeli, kwamba haikuwa javeli.  Alichoweza ni kuinuka na kusogeza kiti pembeni.

"Mama Médiatrice," Gervais aliita kutoka mbali, "nizime hii, au?"

"Zima."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Mwulize huyu na wadudu wake."

Mashine ilikohoa, ikanyamaza. Katika kimya kile nyuki walisikika vizuri, mvumo mdogo wa kazi, hauna haraka, hauna habari na mtu. Waliingia na kutoka katikati ya wanawake wale wawili waliokuwa wamegombana mbele yao tangu nyuki hao walipozaliwa, na hakuna hata nyuki mmoja aliyehama.

Médiatrice aliliachia sepetu. Lilisimama lenyewe ardhini. Alipiga goti, lile goti bovu, akijishikilia kwenye uzio, mpaka uso wake ukawa usawa wa mbao za paleti. Zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa mpaka kwenye pembe ambazo hakuna ambaye angeziona. Alizipitishia kiganja. Kisha, bila kufikiri, kama mkono unaojua njia ya nyumbani, alikunja kidole cha kati na kukiinua.

Spéciose aliinama karibu na sikio lake, na alisema kwa sauti ndogo sana, hata Gervais aliyekuwa hatua chache hakusikia:

"Usigonge, wifi. Wamo."